Hodi ya Tatu

Zamani, kuingia chumbani mwetu kulitaka moyo.
Upakue programu, uisakinishe,
uandike jina la seva lisilotamkika,
namba ya mlango, mkwaju, neno la amri,
na ukikosea herufi moja
mashine ikujibu kwa ukali wa karani wa forodha.

Sisi tuliokwisha kuingia tuliona ni sawa.
Raimo wa Sotkamo alisema,
"Asiyeweza kupanda ngazi, darini anatafuta nini?"
Tukacheka, watu kumi na tisa,
tukarudi kwenye mazungumzo yetu ya uyoga:
upi wa kukaanga, upi wa kuchemsha mara mbili,
upi ukiula leo
keshokutwa ini linakuaga.

Kisha Agosti ile mama akapiga simu kutoka Kajaani,
kikapu mezani, sufuria inatokota.
"Huu mweupe, wenye sketi shingoni,
nimuulize nani?"
Nikamwambia kuna chumba, wamo wanaojua, ingia tu.
"Niingieje?"
Nikaanza. Programu. Seva. Mkwaju.
"Mkwaju uko wapi kwenye kinanda hiki?"
Nilisikia maji yakichemka, yakichemka,
nami bado niko kwenye namba ya mlango.
"Basi," akasema, "naumwaga wote."
Na wa manjano, ule mtamu, aliokuwa amewaamkia alfajiri
msituni, na goti lake lile,
nao ukaenda.

Nikajenga mlango.
Watu hudhani kujenga ni kuongeza.
Wiki tatu nilikuwa naondoa:
nikaondoa seva machoni, nikaondoa namba,
nikaondoa amri, mkwaju, maelezo ya maelezo,
hadi ukabaki ukurasa mweupe kama yadi ya Januari,
kisanduku kimoja, *Tukuite nani?*
na kitufe, *Ingia*.

Raimo akanuna. "Utatuletea upepo ndani."
Jibu lilinijia siku mbili baadaye, nikiosha vyombo:
na mbegu za uyoga, Raimo, huletwa na nini?
Lakini alikuwa ameshahamia mada nyingine.

Mgeni wa kwanza alikuja Jumanne, saa nne usiku.
*Aune72 ameingia.*
*Habari za jioni*, akaandika, na nukta mwishoni,
kama barua.
Majina kumi na tisa yalikuwa yamewaka pembeni
kama madirisha ya ghorofa ambamo kila mtu
amelala na taa.
Dakika ya nne: *Kuna mtu?*
Dakika ya kumi na moja: *Samahani. Labda nimekosea mahali.*
*Aune72 ametoka.*

Niliyasoma asubuhi, kahawa mkononi.
Hodi tatu, na adabu ikamrudisha njiani.
Nilikuwa nimepima kila kitu, upana wa kisanduku,
rangi ya kitufe, sekunde za kungoja;
sikuwa nimepima sisi.

Sasa tuna zamu.
Mmoja hukaa karibu na mlango, hana kazi nyingine
ila kusema karibu.
Jumanne aliichukua Raimo, hakuombwa na mtu.
Huchapa kwa vidole viwili, polepole, unaona kabisa
jina lake likihangaika kabla neno halijatokea:
*Karibu. Vua viatu. Umeokota nini?*
Mama huingia kwa jina la Sketi.
Ule mweupe alikuja kuuelezea tena,
naye Raimo, mbele ya watu wote, kwa herufi kubwa:
USIUONJE HATA KWA NCHA YA ULIMI.
Mama akafurahi mno. Alisema hajakaripiwa hivyo
tangu baba afariki.

Aune72 hajarudi.
Huenda alinunua uyoga wa kopo.
Huenda hakuwa na swali lolote la uyoga,
alitaka jioni moja tu isiyokuwa kimya.
Usiku wa zamu yangu huacha dirisha wazi kwenye kioo,
naosha vikombe, nageuka kutazama,
nafuta mikono, natazama tena.
Kisanduku kinauliza vilevile,
*Tukuite nani?*
na kile kimstari chake kinapepesa.